Soma Jani la Nyanya Kabla ya Kununua Dawa

Katika vikundi vingi vya kujisaidia nyanya ni kati ya mazao ya kwanza kupandwa karibu na nyumba, na pia ni ya kwanza kuleta malalamiko. "Zilianza vizuri, zikachanua, halafu blaiti ikazimaliza." Maneno haya tunayasikia kila msimu. Lakini tukiuliza hiyo blaiti ilikuwaje, majibu hayafanani. Mmoja anasema majani yalipata madoa, yakakauka kuanzia chini. Mwingine anasema majani ya juu yalijikunja, yakawa madogo na ya manjano. Wa tatu anasema mmea ulilala ghafla ukiwa bado kijani, asubuhi ukainuka kidogo, jioni ukalala tena, siku chache ukafa.

Hayo ni magonjwa matatu, wala si moja. La kwanza lina dawa ya kulizuia. La pili huletwa na mdudu, na dawa ya ukungu hailigusi hata kidogo. La tatu limo udongoni, na hakuna dukani dawa ya kuuponya mmea ulioshikwa. Hata hivyo watu wote watatu walikwenda agroveti, wakasema "nipe ya blaiti", wakarudi na pakiti ile ile. Wawili kati yao walitupa pesa.

Pesa si hasara peke yake. Nyanya za nyumbani huliwa na watoto wakipita tu, bila hata kuoshwa. Dawa iliyopigwa bure ni sumu iliyowekwa juu ya chakula bila sababu. Tena, wakati tunangoja dawa isiyofaa ifanye kazi, ugonjwa wenyewe unaendelea kusambaa kwa jirani. Ndiyo maana tunasema: soma jani kwanza, kisha uamue. Kazi hii haihitaji mtu aliyesoma sana. Inahitaji macho, subira, na kikombe cha maji safi.

MASWALI MATANO YA KUUULIZA MMEA

Nenda shambani asubuhi, kabla jua halijawa kali. Anza na mimea mizima, kisha umalizie na ile migonjwa, ili usibebe ugonjwa kwa mikono na nguo. Kama umande bado ni mwingi, tazama tu bila kushikashika majani, kwa sababu magonjwa mengi huhama kwa urahisi majani yakiwa maji. Jiulize haya:

1. Shida imeanzia wapi? Majani ya chini yaliyozeeka, au machanga ya juu? Mmea mzima, au upande mmoja tu?

2. Doa lina sura gani? Ni la mviringo au halina umbo? Ni kavu au linaonekana kama limelowa maji? Lina duara ndani ya duara?

3. Chini ya jani kuna nini? Wengi wetu hutazama juu tu. Geuza jani. Ukungu, nzi weupe na utitiri hupenda kukaa huko.

4. Ni mimea mingapi? Mmoja hapa na mmoja pale, au kundi moja mahali maji yanapopita, au shamba lote kwa siku moja? Kama nyanya, maharagwe na sukuma zote zimeonyesha dalili kwa siku moja, hapo usifikirie ugonjwa. Magonjwa hayana kawaida ya kushika kila kitu kwa pamoja. Uliza kama kuna mtu aliyenyunyiza dawa ya magugu karibu na upepo ukaileta.

5. Hali ya hewa ya wiki iliyopita ilikuwaje? Baridi na ukungu, mvua na joto, au jua kavu?

Ukishapata majibu haya, nusu ya kazi imekwisha. Sasa tuangalie magonjwa yenyewe.

MADOA YANAYOPANDA KUTOKA CHINI

Bakajani tangulia. Huanza kwenye majani ya zamani yaliyo karibu na udongo. Utaona madoa ya kahawia, makavu, mengine yakifika ukubwa wa punje ya hindi au zaidi. Tazama ndani ya doa kwa makini. Utaona duara ndani ya duara, kama pete za gogo lililokatwa kwa msumeno. Hiyo ndiyo alama yake. Kuzunguka doa jani hugeuka manjano, kisha hukauka na kuanguka. Ugonjwa hupanda pole pole kwenda juu. Katika tunda, hutia doa jeusi lililobonyea pale kwenye kikonyo.

Madoa ya septoria. Hili nalo huanza chini, lakini madoa yake ni madogo na mengi sana, kama kichwa cha njiti ya kiberiti au madogo kuliko hapo. Katikati ni kijivu, pembeni ni meusi. Ukiwa na macho mazuri utaona vinukta vyeusi katikati ya doa. Tunda haliguswi sana, lakini mmea ukibaki uchi bila majani, matunda huchomwa na jua.

Magonjwa haya mawili ni ya ukungu, na hupenda joto pamoja na maji. Hujificha katika majani makavu na mashina yaliyobaki shambani msimu uliopita. Mvua ikinyesha, matone hupiga udongo na kuurusha kwenye majani ya chini. Ndiyo sababu huanzia huko. Ukijua hivyo, dawa ya kwanza unayo tayari: chuma majani ya chini yanayogusa udongo, funika udongo kwa nyasi kavu ili tone lisirushe matope, na mwagilia shinani badala ya kumwaga maji juu ya majani. Una siku kadhaa za kufanya hayo. Usiogope, lakini usilale.

UGONJWA USIONGOJA

Bakajani chelewa. Jina lisikudanganye. Huyu hachelewi. Katika hali ya hewa anayoipenda, huweza kumaliza bustani nzima ndani ya wiki moja au mbili. Huko milimani wengi husema nyanya "zimechomwa na baridi" au "na barafu". Ni kweli ugonjwa huu huja wakati wa baridi na ukungu, lakini baridi si ugonjwa wenyewe. Baridi ni mlango tu. Tofauti yake ni kubwa: barafu halisi huchoma kwa usiku mmoja na kuacha hapo, na mimea mingine nayo huonyesha kuchomwa. Bakajani chelewa huendelea kila siku, na huchagua nyanya na viazi.

Dalili zake ni hizi. Doa ni kubwa, halina umbo maalum, na halina duara ndani ya duara. Huonekana kama jani limemwagiwa maji ya moto: kijani kilichofifia pembeni, kisha kahawia au nyeusi katikati. Huweza kuanza mahali popote, hata juu. Asubuhi yenye umande, geuza jani: pembeni mwa doa, kwa chini, utaona utando mweupe kama pamba nyepesi. Jua likipanda utando hutoweka, ndiyo maana tunasema uende mapema. Shina pia hupata mabaka ya kahawia nyeusi. Tunda la kijani hupata baka la kahawia, gumu, lenye uso usio laini.

Mbegu za ugonjwa huu husafiri kwa upepo na mvua kutoka shamba hadi shamba. Ndio huo huo uliomaliza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na karibu watu milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Kwa hivyo mtu anayepanda nyanya ubavuni mwa viazi, au anayeacha viazi vilivyooza vikichipua kando ya boma, anaufuga ugonjwa nyumbani.

Ukiuona kwenye majani machache, siku hiyo hiyo yakate, uyatie ndani ya gunia, uyazike au uyachome. Usiyaburute kupita katikati ya mimea mizima. Kama mmea umeshikwa shinani, ung'oe wote. Mimea iliyobaki ndiyo ya kukingwa kwa dawa. Hapa ni lazima tuelewane: dawa nyingi za ukungu, pamoja na zile za shaba, ni za kinga. Hukaa juu ya jani na kuzuia ugonjwa usiingie. Ukishaingia ndani, hazifufui jani lililokufa. Zipo dawa nyingine zinazopenya ndani ya jani, nazo husaidia zikitumiwa mapema, lakini ukipiga aina moja tu kila mara, ugonjwa huizoea. Ni heri kubadilisha, na kuuliza kabla ya kununua.

UNGA MWEUPE

Kuna wengine hukuta majani yana unga mweupe kama yamepakwa unga wa ngano, au mabaka ya manjano juu na unga chini. Huo ni ubwiri unga. Tofauti na bakajani, huu hupenda wakati wa kiangazi, mchana kavu na usiku wa baridi. Unga wa salfa husaidia, lakini usiutumie jua linapowaka sana, kwani utachoma majani. Na salfa hiyo hiyo haifanyi lolote kwa bakajani chelewa. Mnaona jinsi jina moja la "blaiti" linavyotupoteza?

MMEA UNAOLALA

Sasa tuje kwa minyauko. Hapa ndipo kikombe cha maji kinapohitajika.

Mmea ukinyauka, kwanza gusa udongo. Kama ni mkavu, mwagilia na ungoje mpaka asubuhi. Kama ni tope, huenda mizizi inakosa hewa, hasa katika magunia na makopo yasiyotobolewa chini. Kama udongo una unyevu wa kutosha na mmea bado umelala, ung'oe mmoja ulio mgonjwa zaidi na ufanye hivi.

Kata kipande cha shina karibu na mizizi, chenye urefu wa kidole. Chukua glasi au chupa isiyo na rangi, jaza maji safi. Shikilia kipande hicho wima, ncha ya chini ikiwa ndani ya maji, bila kukitikisa. Ngoja dakika chache. Kama uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria. Huo uzi ni bakteria wenyewe, maelfu kwa maelfu.

Kama hakuna uzi, pasua shina kwa urefu. Ukiona michirizi ya kahawia chini ya ganda, na majani ya chini yalikuwa yamegeuka manjano, mara nyingi upande mmoja wa mmea, fikiria mnyauko fuzari, ambao ni wa ukungu wa udongoni. Tazama na mizizi pia. Ikiwa na mafundo mafundo kama shanga, hiyo ni kazi ya minyoo ya mizizi.

Kwa magonjwa haya hakuna dawa ya kupiga kwenye majani itakayoponya. Tunajua si habari njema, lakini afadhali kuijua leo kuliko baada ya pampu tano. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizi, utie gunini, uuchome au uuzike mbali na shamba na njia ya maji. Usiutupe kwenye shimo la mboji. Osha jembe na viatu kabla ya kwenda upande mwingine. Usiache maji ya sehemu hiyo yatiririke kwa jirani.

Kwa mnyauko wa bakteria, sehemu hiyo isipandwe nyanya, viazi, biringanya wala pilipili kwa miaka kadhaa, kwa maana hizo zote ni ukoo mmoja. Panda mahindi, vitunguu au kabeji. Na kama boma lako ni dogo, huna pa kuhamia, tumia magunia: jaza udongo uliotoka mahali ambapo ukoo huo haukuwahi kupandwa, changanya na samadi iliyoiva, uweke gunia juu ya mawe ili lisinyonye udongo wa chini.

Kwa mnyauko fuzari kuna msaada mwingine. Soma pakiti ya mbegu. Baada ya jina la aina, mara nyingi huwa kuna herufi. F maana yake aina hiyo inastahimili fuzari, V inastahimili vatisilia, ambao ni mnyauko mwingine, na N inastahimili minyoo ya mizizi. Lakini kumbuka kwamba herufi hizo hazisemi neno lolote kuhusu bakajani.

MAJANI YANAYOJIKUNJA

Majani machanga yakijikunja kuelekea juu kama kikombe, yakabaki madogo, pembeni manjano, na mmea ukadumaa na kuangusha maua, hiyo ni dalili ya kirusi cha kujikunja kwa majani. Huletwa na nzi weupe. Tikisa mmea taratibu: wakiruka vidudu vyeupe vidogo kama vumbi la chokaa, umempata mbebaji.

Mmea wenye kirusi hauponi. Ung'oe mapema, kwani ukiuacha unawapa nzi mahali pa kuchota ugonjwa na kuupeleka kwa mimea mingine. Kinga kubwa iko kwenye kitalu. Funika miche kwa wavu mwembamba au kitambaa chepesi mpaka siku ya kuihamisha, maana mche ukishikwa ukiwa mdogo hauzai kitu.

Kirusi kingine hutia majani mabaka ya kijani kibichi na kijani kilichofifia, kama kitambaa cha batiki. Hiki husafiri kwa mikono, nguo na visu. Pia hupatikana katika tumbaku. Kwa hivyo anayevuta sigara au kunusa ugoro na aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kupunguza machipukizi. Msione ni mzaha, ni kweli kabisa.

Lakini si kila jani lililojikunja ni gonjwa. Wakati wa jua kali, au baada ya kupunguza matawi mengi kwa mara moja, majani ya chini huviringika kama mrija, yakiwa bado makubwa na ya kijani. Hapo mmea unajihifadhi tu. Usiung'oe.

WASIO MAGONJWA

Kuna mambo manne yanayofanana na ugonjwa na hutupotezea pesa nyingi za dawa ya ukungu.

Kiwavi wa ndani ya jani. Nondo huyu, ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta, asili yake ni Amerika ya Kusini. Hapa kwetu Kenya alionekana mwaka 2014. Kiwavi wake hula nyama ya jani na kuacha ngozi mbili tu, juu na chini. Jani hupata mabaka meupe au ya kahawia, na kwa mbali utasema ni bakajani. Inua jani ulielekeze kwenye jua. Ukiona mwanga unapita, ndani kuna uchafu mweusi na pengine kiwavi mwenyewe, si ukungu huo. Chuma majani hayo, uyafunge ndani ya mfuko wa plastiki uuache juani, na uchome matunda yaliyotobolewa.

Utitiri mwekundu. Huja wakati wa joto na vumbi. Jani huwa na vinukta vingi vya manjano, kisha hugeuka rangi ya shaba, na chini yake kuna utando kama wa buibui. Utitiri si mdudu wa kawaida. Ana miguu minane kama buibui, na dawa nyingi za wadudu hazimuui. Zinaua maadui zake, naye anazidi kuongezeka. Ukimkuta mapema, mpige kwa maji chini ya majani, na uondoe majani yaliyoshikwa zaidi.

Njaa ya mmea. Majani ya chini yakigeuka manjano yote kwa pamoja, bila doa lolote, na mmea ni mwembamba, huo unalia njaa. Unahitaji samadi iliyoiva au mbolea ya CAN, wala si dawa. Kama ni manjano katikati ya mishipa tu, na mishipa imebaki kijani, unakosa madini ya magnesi.

Kitako cheusi cha tunda. Hili si la jani, lakini huulizwa kila mara. Tunda huoza chini, upande ulio mbali na kikonyo, na doa ni kavu na bapa. Si ugonjwa. Tunda limekosa chokaa kwa wakati wake, mara nyingi kwa sababu maji yanakuja leo mengi, kesho hakuna. Mwagilia kwa kipimo kilicho sawa na ufunike udongo kwa nyasi.

KAMA NI LAZIMA KUPIGA DAWA

Hatusemi dawa ni mbaya. Tunasema ije mwisho, baada ya kujua unapigana na nani. Ukifika agroveti usitaje jina la ugonjwa tu. Beba jani. Nunua pakiti iliyofungwa, yenye nambari ya usajili ya PCPB, ambayo ndiyo bodi ya serikali inayosimamia dawa za mimea. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye kikaratasi au chupa ya soda, kwa sababu hutajua ni nini, na mtoto naye hatajua.

Soma mambo matatu kwenye pakiti: inatibu nini, kiasi gani kwa maji lita 20, na siku ngapi za kungoja kabla ya kuvuna. Hilo la tatu ndilo wengi huliruka. Kama pakiti inasema siku saba, ni siku saba kwa soko na ni siku saba kwa sufuria yako pia. Vuna matunda yaliyoiva kwanza, kisha upige. Waambie watoto. Funga kitambaa chekundu kwenye mti ili kila mtu ajue nyanya hizo haziliwi bado.

Vaa buti, glavu, nguo za mikono mirefu na kitu cha kufunika pua na mdomo. Usipime dawa kwa kijiko cha jikoni. Piga asubuhi au jioni, upepo ukiwa umetulia. Chupa tupu isuuze mara tatu, maji hayo yaende ndani ya pampu, kisha uitoboe. Isibebe maziwa, mafuta ya taa wala maji ya kunywa. Na kipimo kikubwa kuliko kilichoandikwa hakiongezi nguvu. Kinachoma majani na kumaliza pesa.

KWA UFUPI

Ukiona duara ndani ya duara kwenye majani ya chini, fikiria bakajani tangulia.
Ukiona madoa madogo mengi yenye katikati ya kijivu, fikiria septoria.
Ukiona baka kubwa kama limemwagiwa maji ya moto, na pamba nyeupe chini asubuhi, ni bakajani chelewa. Fanya kazi leo.
Ukiona unga mweupe wakati wa kiangazi, fikiria ubwiri unga.
Ukiona mmea umelala ukiwa kijani na uzi mweupe unashuka majini, ni mnyauko wa bakteria.
Ukiona manjano upande mmoja na michirizi ya kahawia ndani ya shina, fikiria fuzari.
Ukiona majani machanga madogo yamejikunja, tafuta nzi weupe.
Ukiona mwanga unapita kwenye doa, tafuta kiwavi.

KAZI YA KIKUNDI

Kwenye mkutano ujao, kila mwanachama na alete jani moja gonjwa kutoka kwake, likiwa na sehemu nzima na sehemu iliyoshikwa. Lifungeni kwa gazeti, si kwa karatasi ya nailoni, kwa sababu humo litaoza kabla ya kufika. Yapangeni mezani yanayofanana pamoja. Jadilini:

1. Katika majani haya, ni mangapi tuliyokuwa tukiyaita blaiti? Sasa tunayaitaje?

2. Nani kati yetu amepanda nyanya au viazi mahali pamoja msimu baada ya msimu? Atahamishia wapi?

3. Msimu uliopita tulitumia pesa ngapi kwa dawa? Ni dawa zipi zilikuwa za ugonjwa tuliokuwa nao kweli?

4. Ni nani atakayezunguka bustani za wanachama kila wiki wakati wa mvua, na mara mbili kwa wiki wakati wa baridi?

Majani ambayo hamkukubaliana juu yake, mpelekeeni afisa wa kilimo wa wadi yenu, au kliniki ya mimea kama ipo sokoni kwenu. Mwambieni yale majibu matano: ilipoanzia, sura ya doa, kilichoko chini ya jani, mimea mingapi, na hali ya hewa. Afisa aliyeletewa jani pamoja na majibu hayo anaweza kuwasaidia haraka zaidi. Akiambiwa tu "nyanya zinakufa", naye atabaki kubahatisha.

Andikeni mnachojifunza kwenye daftari la kikundi: tarehe, bustani ya nani, dalili, mlichofanya, na matokeo. Baada ya misimu miwili mtakuwa na kitabu chenu wenyewe, kinachoeleza magonjwa ya kijiji chenu na wakati yanapofika. Mwanachama mpya atakapouliza ni lini aanze kuogopa ubaridi, mtamfungulia ukurasa.